Mwanaidi Hakuwa Nge

Siku ya arobaini ya Mwanaidi niliteremka stendi ya Lushoto saa nne asubuhi, na mtu wa kwanza kunisalimia alikuwa kijana mwenye pikipiki iliyochorwa nge kwenye tangi la mafuta. Nge mkubwa mweusi, mkia juu, na chini yake maandishi mekundu: NGE WA MILIMANI. "Shikamoo mama, twende?" Nikamwitikia, halafu nikamwuliza huyo mdudu ni wa nini. Akacheka kwa raha zake. "Nge ni mimi mwenyewe, mama. Kijiwe kizima wananiita hivyo. Jina la heshima hilo, hakuna wa kunichezea." Nikamwambia nitakwenda kwa miguu. Hakuelewa kosa lake, na kwa kweli hakuwa na kosa, lakini damu ilikwisha kunichemka. Huku kwetu milimani mtu anaweza kumaliza miaka bila kumwona nge kwa macho yake, maana huyo ni mdudu wa joto la bondeni, ila jina lake tunalo mdomoni kila siku. Mwanamume akiitwa Nge anakwenda kwa fundi rangi achorewe. Mwanamke akiitwa hivyo, watu wanapokea kikombe cha chai mkononi mwake kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa nakwenda kumwombea dua mwanamke aliyepokelewa hivyo maisha yake yote ya utu uzima, na nilipanda kile kilima nikiwa na hasira ya kutosha kuwalisha wote watakaokuwapo.

Nyumba ya Mwanaidi iko nyuma ya soko, chumba cha mbele kikiwa ndicho kilichokuwa kibanda chake cha kushonea. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani juu ya mikeka, cherehani imesogezwa pembeni na kufunikwa shuka. Dua ilipokwisha tukaletewa pilau kwenye masinia, na mikono ilipoanza kufanya kazi ndimi nazo zikaanza. Karibu yangu alikaa mwanamke mnene wa Mlola, aliyevaa baibui jipya linalonukia udi. Nilielezwa baadaye na Hadija, binti wa marehemu, kuwa huyo ndiye shangazi wa kijana aliyempelekea posa mjukuu, Rukia. Posa ilikwisha pokelewa kabla ya msiba. Sasa watu wa Mlola walikuwa wanasitasita, na sababu hawakuitaja barazani, wakaileta hapa kwenye sinia. "Marehemu alikuwa na mkono wa kushona, Mungu amrehemu," alisema shangazi. "Lakini mkono wenyewe si mnaujua. Nge hakuitwa bure." Mwingine akadakia, "Walisema alichanjiwa uchawi." "Na mambo hayo hurithiwa, bibi. Yakiwa kwa nyanya, yako kwa mjukuu." Rukia alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Aliinamisha macho akaendelea kumimina kana kwamba anayezungumzwa ni mtu wa nchi nyingine. Nikasukuma tonge langu pembeni. Nilitaka kusema neno papo hapo, na sikulisema, na mtu atakayesoma mpaka mwisho ataona kuwa kunyamaza huko hakukuwa kwa mara ya kwanza.

Nilikotoka na wazazi wangu walivyokuwa tuyaache, hayana kazi hapa. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane na nilichukuliwa kwenye chuo cha wasichana juu ya kilima, mwendo wa saa nzima kutoka mjini, mahali pa kujifunza kushona, kupika na kusuka. Chuo chenyewe hakipo tena. Bweni letu lilikuwa jengo la mawe lenye vitanda ishirini, limezungukwa na mikaratusi iliyodondosha maji hata mvua ikiwa imekatika. Asubuhi tuliona pumzi zetu. Chakula kilikuwa makande Jumatatu, makande Jumanne, na Jumatano tukiwa na bahati tulipata bada, ugali wa muhogo, na mlenda. Matunda ya msimu tuliyaiba shambani kwa chuo tukayala mabichi mpaka meno yakafa ganzi. Mwanaidi alikuwa msichana pekee aliyetoka bondeni, tambarare za kule Mkomazi ambako jua halina adabu, na baridi ya kilimani ilimwonea bila huruma. Alivaa sweta mbili na bado alitetemeka. Kitanda chake na changu tuliviunganisha, tukalala tumepeana migongo, blanketi zetu mbili juu ya sote. Nikamfundisha Kishambaa na neno la kwanza alilolishika lilikuwa mbuya, yaani rafiki, akaanza kuniita hivyo na hakuacha. Yeye akanifundisha kusuka, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Ukindu ukiushika wewe ulikatika, akiushika yeye ulitii.

Kwenye kifundo cha mkono wa kulia alikuwa na chale tatu ndogo. Nilimwuliza siku ya kwanza, naye akajibu kama mtu anayeulizwa habari za pete ya sikio. "Bibi alinichanja dhidi ya nge. Kwetu watoto wote wanachanjwa. Nge wako kila mahali, kwenye kuni, kwenye viatu, utafanyaje?" Nami nikalipeleka jibu hilo bwenini kama kichekesho. Yalikuwapo na mengine. Stela, aliyelala kitanda cha mlangoni, alikuwa na magazeti makuukuu ya mjomba wake, na kila Jumapili alitusomea nyota. Mwanaidi hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa, alijua tu kwamba vuli ndiyo ilikuwa inaanza. Stela akahesabu kwa vidole, akatangaza: "Wewe ni Nge! Una siri, una wivu, na mapenzi yako ni moto wa makaa." Tulicheka mpaka tukapigiwa ukuta. Halafu babu yake Mwanaidi alikuwa mtu wa kuhesabu nyota kwa njia ya zamani. Kwa wazee wa namna hiyo ziko siku mbili tatu kila mwezi ambapo mwezi huingia kwenye nyota ya nge, wao wanaiita akrabu, na siku hizo haozwi mtu wala hasafiri mtu. Mwanaidi hata mishale ya saa aliiita akrabu kwa sababu babu aliiita hivyo. Leo nikiyakumbuka haya naona yalivyokuwa mepesi: chale za mtoto, gazeti la zamani, maneno ya babu. Hakuna kati yetu aliyejua kuwa tunamkusanyia ushahidi.

Mwezi wa saba ukindu uliisha stoo, na Bi Eliwaza, matroni wetu, akanituma Mombo nikalete mafungu sita. Bi Eliwaza alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyepiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Nikiwa nafunga kanga kichwani, Mwanaidi aliniambia, nusu utani, "Babu angekuwapo asingekuachia. Mwezi uko akrabu leo. Utaleta balaa." Wenzetu watatu wanne walisikia. Nikamwambia balaa ni makande ya juzi. Sasa, kulikuwa na sheria moja chuoni ambayo hata mpishi aliijua: ukindu wa bondeni hauingii ndani kabla haujafunguliwa, ukapigwa juu ya jiwe la uani na kuachwa juani siku nzima. Kilichojificha humo kitoke huko huko. Nilirudi jioni, mvua inanyesha, nimelowa, na mafungu matano nikayaacha barazani kama inavyotakiwa. La sita, lile lenye ukindu mrefu na mweupe kuliko yote, nililitia bwenini nikalisukuma chini ya kitanda changu. Mkeka wa mtihani ulikuwa karibu na sikutaka mwingine anitangulie kuchagua. Mwanaidi aliniona. Akasema, "Lipige kwanza, mbuya." Nikamjibu kesho. Kesho yake nililitoa alfajiri nikaenda kuliloweka, tayari nimeshachagua ninaotaka, na sikukumbuka tena kama lilipita chini ya kitanda.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi. Tulisimama kila mtu kwenye miguu ya kitanda chake, naye Bi Eliwaza akapita akipapasa kwa kiganja chini ya vitanda kutafuta vumbi. Alipofika kwetu akainama, akapapasa, akapiga ukelele ambao sikuwahi kufikiri unaweza kutoka kwa mtu wa namna ile. Akaanguka kwa makalio, ameushika mkono wake. Nge akatoka taratibu kwenye mwanga, wa rangi ya majani makavu. Wasichana kumi na tisa walipanda juu ya vitanda, na mimi nikiwa mmoja wao. Mwanaidi peke yake aliinama, akamkamata mkia chini kidogo ya mwiba kwa vidole viwili, akamwinua, akasema kwa sauti ya kumtuliza mtu, "Mdogo huyu, haui. Tulieni." Akamponda kwa kisigino cha kiatu, akachukua ule uji wake ampake matroni pale alipoumwa, kama walivyofanya kwao. Bi Eliwaza alimtazama, akaziona zile chale, akauvuta mkono wake. "Usiniguse!"

Na hapo ndipo hasira yangu huanzia kila ninapofika, maana kosa lile ni letu sisi watu wa juu. Mtu wa bondeni angeuona mkono ule na kusema, afadhali tuna anayejua. Sisi, kwa kuwa nge hatumjui, tuliona kuwa asiyemwogopa lazima awe mwenziwe. Kabla ya chai ya saa nne bweni zima lilikuwa limekwisha kuyaunganisha: alisema mwezi uko akrabu, alisema balaa itakuja, nyota yake ni Nge, mkono wake una chale, na mdudu kamtii. Mchana hakuna aliyechota makande kwa upawa alioushika Mwanaidi. Mpishi, mama mzima mwenye wajukuu, alimwondoa kwenye zamu ya kupepeta unga. "Mkono huo usiingie kwenye chakula cha watu," alisema, mbele yake, kama anayezungumza habari za paka. Stela, yule yule wa magazeti, ndiye aliyeita kwanza: "Nge, lete ndoo." Jioni waliita hivyo wote. Asubuhi waliacha kucheka walipoita.

Siku ya tatu niliitwa chumbani kwa Bi Eliwaza. Chumba kilikuwa na joto, jambo la ajabu kilimani pale, na vitambaa vilivyodariziwa juu ya kila kitu, hata juu ya redio. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji. Mwanaidi alikuwa amesimama karibu na dirisha. Mimi niliambiwa niketi, nikamiminiwa chai ya maziwa, sukari vijiko viwili, na gimbi la kuchemsha kwenye kisahani. Hatukuwahi kupewa sukari mwaka ule wote.

"Naomi, wewe ndiye unayelala naye," alisema Bi Eliwaza. "Ulimwona akimshika mdudu kwa mkono?"

"Ndiyo, Bi."

"Na kabla ya hapo alisema italetwa balaa?"

"Alisema, Bi. Lakini ilikuwa mzaha."

"Sikukuuliza mzaha. Mdudu yule aliingiaje humo ndani? Unajua lolote?"

Nilimtazama Mwanaidi. Hakunikazia macho wala hakunikonyeza. Alisubiri tu, uso umetulia, kama mtu aliyempa mwenziwe zamu ya kusema na anajua atasema. Ingenigharimu nini? Ningefukuzwa mimi, pengine. Pengine ningepewa adhabu ya kuchota maji mwezi mzima, na mkeka wangu kunyang'anywa. Nikasema, "Sijui, Bi." Nikanywa chai. Mpaka leo nikitiliwa sukari nyingi naiacha, wanangu wanadhani ni ushauri wa daktari.

"Na wewe una la kusema?" Bi Eliwaza alimgeukia.

"Sina, Bi," alisema Mwanaidi. "Yaliyopo anayajua Naomi."

Bi Eliwaza hakuuliza maana yake. Alikuwa na jibu lake tangu alipoziona chale. Aliandika barua, akaipiga muhuri, na kesho yake asubuhi Mwanaidi alikunja sweta zake mbili ndani ya mkoba wa ukindu aliousuka mwenyewe, uliobaki kidogo kukamilika. Cheti hakupata, ilikuwa imebaki miezi minne. Nilimsindikiza mpaka kwenye mikaratusi kwa sababu nilidhani nikimsindikiza nitakuwa nimefanya jambo. Akaniuliza, "Mbuya, una neno?" Nikasema sina. "Haya. Ubaki salama, na huo ukindu uuloweke vizuri, usije ukakatika." Alikuwa anasema kweli, hakuwa ananisuta, na hilo ndilo linalonikera kuliko lolote. Mkeka wangu ulikuwa wa kwanza kwenye mtihani.

Nilipata cheti, nikapata kazi ya kufundisha kushona, nikastaafu na cheti kimetundikwa ukutani. Mwanaidi miaka miwili baadaye aliolewa na mtu wa Lushoto, mwema, muuza mboga, na jina likawa limemtangulia kufika, maana Stela naye alikuwa ameolewa mjini. Hata ndoa yenyewe walisema iliwekwa siku ambayo si ya akrabu ili bibi harusi asipate nguvu. Alipopata mimba ya kwanza ikatoka, walisema. Alipozaa Hadija salama, walisema pia. Wateja walimletea nguo kwa sababu hakuna aliyekata gauni kama yeye, lakini walizianika siku nzima kabla ya kuzivaa. Wanawake waliogombana naye walisema ana ulimi wa nge, na waliopatana naye walisema amewafanyia dawa. Watu wakanieleza mara nyingi, kwa sauti ya watu wanaojitetea, kuwa mwenyewe alilipenda jina, kwa nini basi alimwachia fundi aandike KWA NGE juu ya kibanda? Angeandika nini, ikiwa hakuna mtu mjini aliyeijua njia ya kwenda kwa Mwanaidi?

Sasa turudi kwenye sinia. Shangazi wa Mlola alikuwa amefika kwenye hadithi ya nge, na alikuwa anaisimulia kama aliyekuwapo: jinsi msichana wa bondeni alivyomwita mdudu kwa mluzi kutoka ukutani, akamtuma kwa matroni. Kwa mluzi! Nikasikia sauti yangu imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mimi nilikuwapo. Hakukuwa na mluzi." Nikawaeleza kuhusu Mombo, na mvua, na fungu la sita. Nikasema nge alitoka kwenye ukindu wangu, chini ya kitanda changu, kwa sababu nilikuwa mvivu na mwenye tamaa ya ukindu mweupe, na kwamba marehemu aliniambia niupige kwanza nikakataa. Nikasema chale zile ziko kwa nusu ya watoto wa tambarare, na kama ni uchawi basi serikali ikawakamate wote. Nikasema niliulizwa, nikanywa chai. Nilisema kwa hasira, na nilidhani ni wao ninaowakasirikia.

Shangazi aliinua kichwa. Hakuwa mwanamke mbaya. "Posa si yangu kuamua," alisema, "lakini haya nitayafikisha kwa kaka yangu kama ulivyoyasema." Halafu akaongeza, bila ukali, "Ila na wewe, dada yangu. Mjini hapa tunakuona kila gulio. Miaka yote hii ulikuwa unangoja nini?"

Nikainuka nikaenda jikoni uani. Hadija alinifuata. Nilitarajia ama atanishukuru ama atanifukuza, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alichukua kikombe, akanimiminia chai ya rangi, isiyo na sukari, akanipa.

"Mama alituambia, mama Naomi," alisema. "Tangu tukiwa wadogo."

"Kuhusu fungu?"

"Fungu, na chai, na yote. Mimi nilitaka kukufuata kwako, wakati ule posa yangu ya kwanza iliporudishwa. Alinikataza. Alisema, mwacheni, Naomi atakuja kusema mwenyewe. Kila ukija dukani alikuwa anafikiri ni siku hiyo."

Nilimkasirikia marehemu, sitaficha. Ningependa angenitukana. Ningependa angekuja nyumbani kwangu akanivua nguo mbele ya majirani, tukamaliza. Badala yake kila gulio, Alhamisi hata Alhamisi, aliniwekea stuli, akanipa peasi za msimu zilizofunikwa kitambaa zisiliwe na nyuki, akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja kwa majina. Aliniita mbuya mpaka Alhamisi ya mwisho. Tangu mwanzo wa kurasa hizi nimewasema watu wa Mlola, nimemsema Stela, na mpishi, na Bi Eliwaza, na hata yule kijana wa pikipiki ambaye hakumkosea mtu. Yote ni kweli. Lakini nilipokuwa nafika mlangoni kwake, kumejaa wateja, na mimi nina haraka ya gari, nilikuwa napaza sauti kutoka barabarani ili anisikie, na jina nililoita lilikuwa Nge. Naye aliitika.